Mwaka Juu ya Jiwe la Lalla Rhimu

Tetuan, 27 Septemba 2021

Kwa Ustadhi Bayumi, mchonga mawe, Iskandaria

Asalamu alaikum.

Mama amefariki. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi huu, asubuhi, baada ya kuomba chai na kuiacha ipoe. Tumemzika makaburini juu ya mji, upande wa babu.

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu ameniachia wasia, nami siwezi kuuruka. Siku chache kabla hajaondoka alinishika mkono akasema, "Ghita, tarehe yangu aniandikie Bayumi. Usimpe mwingine." Nikamwambia, "Mama, mtu kakuacha tangu mimi sijabadilisha meno, hata salamu ya Idi hana, leo ndiye wa kukuandikia jiwe?" Akanijibu, "Mume ni habari nyingine. Mimi namtaka mchonga mawe." Akataka kucheka, kikohozi kikamshika.

Basi kazi unaijua. Mama alinieleza nikiwa mdogo, nikiwa nimekaa juu ya gunia la vipande vyako vya marumaru: kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, moja, mbili, hadi elfu; mtungaji anatunga mstari mfupi wenye maana, na anayepita kaburini akizijumlisha herufi zake anapata mwaka wa Hijria aliofariki mwenye kaburi. Nataka mstari mmoja wa aina hiyo. Sitaki zaidi.

Na usinitumie cha kubahatisha. Mimi nafanya kazi kwenye maktaba ya hati za kale, na nimetengeneza programu ya kompyuta ya kuhesabu mistari kama hiyo. Unaiandikia maneno ya jiwe, inakutolea mwaka. Nimeifundisha hata tarakimu zenu za mashariki, kwamba kitone ni sifuri na kiduara ni tano, maana mashine isiyofundishwa ikikutana nazo huziruka kama uchafu. Kwa hiyo chochote utakacholeta nitakipima.

Ghita, binti wa Lalla Rhimu


Iskandaria, 12 Mfungo Sita 1443, siku ya Maulidi

Binti yangu Ghita,

Waalaikum salaam warahmatullah. Barua yako ilinikuta karakanani. Niliisoma nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa. Vijana wakauliza, "Vipi, mzee, kuna nini?" Nikawaambia mke wangu amefariki. Wakatazamana, kwa sababu wote wanajua mimi sina mke.

Sisi sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Sina haki ya kukupa pole kama baba, lakini pokea pole ya mtu aliyemjua.

Nje wanauza halua za Maulidi, kelele tupu, watoto wanavuta nguo za mama zao. Mimi nimefunga mlango. Nilianza na beti ndefu, zenye bustani na mito ya peponi, nikaona mama yako angenicheka. Akinisikia nikipamba maneno alikuwa akisema, "Bayumi, jiwe si harusi." Nimezifuta zote. Yamebaki maneno haya:

Sabarat hatta al-kabri.

Alisubiri hadi kaburini. Hayo tu. Nani aliyemsubirisha, jiwe halihitaji kusema. Mtu wa mji wenu akipita atajua mwenyewe.

Nimehesabu kwa vidole kama tulivyozoea, mimi na shangazi yako Inshirah, tukarudia tena na tena. Mashine yako itatupita kwa mbio, lakini haitapata kingine.

Nina ombi moja. Niruhusu nije nilichonge mwenyewe. Mkono bado haujatetemeka. Nitafikia hotelini, sitavuka kizingiti chako. Nitachonga, nitasoma Fatiha, nitaondoka. Nimeshashika nafasi ya ndege ya mwisho wa Novemba, lakini ukisema hapana, ni hapana.

Baba yako, ukikubali nijiite hivyo,
Bayumi


Tetuan, 9 Novemba 2021

Ustadhi Bayumi,

Nimeuhesabu mstari wako. 1413.

Hukuweza hata hili. Hata juu ya jiwe la mama umejiandika wewe. Mwaka huo mimi naujua vizuri, nilikuwa nimesimama mlangoni na mkate wa moto mikononi, umetoka tanurini sasa hivi, ukaniambia niurudishe ndani usipoe.

Mstari huo hautachongwa. Usije.

Ghita


Iskandaria, 23 Mfungo Saba 1443

Binti yangu,

Barua yako imefika. Ni fupi na imenitosha.

Nilidhani umekaa kuhesabu, kumbe umekaa kuhukumu, na hukumu yenyewe sina pa kuikatia rufaa. Mwaka huo hukuhitaji kunitajia. Nauona kila ninaponyoa ndevu. Nilikuja huku kumuuguza mama yangu kwa mwezi mmoja, na yaliyofuata sitakuandikia, kwa sababu sababu nilizokuwa nazo zimezeeka kabla yangu, na leo nikizitazama hata mimi sizielewi.

Unasema nimejiandika kwenye jiwe lake. Ni kweli. Anayesubiri ana anayesubiriwa. Sikuona njia ya kuusema ukweli wake bila mimi kuwamo, lakini labda fundi bora kuliko mimi angeiona.

Nafasi ya ndege nimeirudisha. Wasia wa mama yako umeutimiza: uliniomba, nami nilishindwa, hilo si kosa lako. Ukitaka, acha jiwe jeupe, lisiwe na neno lolote.

Huku tufani za msimu zimeanza. Jilinde na baridi.

Bayumi


Iskandaria, mwanzoni mwa Mfungo Tisa 1443

We Ghita,

Hunijui. Mimi ni Inshirah, dada yake baba yako. Kwenye picha ya harusi ya mama yako mimi ni yule mnene wa kushoto aliyefunga macho. Bado mnene, alhamdulillahi, na macho sasa nayafungua.

Nataka kujua ulimwandikia nini kaka yangu. Hataki kunionyesha. Barua ameiweka mfukoni mwa kanzu, akivua kanzu anaihamishia chini ya mto. Nikimuuliza ananijibu, "Ghita ana haki kuukataa mstari, Inshirah, niache." Haki gani hiyo inayomnyima mtu chakula? Nimempikia bata, hakugusa. Bata, Ghita! Kifua chenyewe si kizima, vumbi la mawe la miaka yote limo humo ndani, na sasa hata karakanani haendi. Anakaa baraza la nyuma kwenye upepo. Namwambia, "Utakufa." Ananiambia, "Na wewe acha kelele." Haya ndiyo mazungumzo yetu.

Simtetei. Alichomfanyia mama yako nilimwambia siku ileile, na mwaka uliofuata, na kila Idi, mpaka akaacha kuja kwangu siku za Idi. Kama unataka kumtukana, panga foleni, mimi ni wa kwanza. Lakini lile la jiwe silielewi, kwa sababu jiwe nilikuwapo.

Uliposema wataka mstari, alihamia jikoni kwangu. Mimi nachambua mchele, yeye yuko mkabala nami na karatasi. Akipata maneno ananiambia, "Haya, Inshirah, tuhesabu," tunaanza kuimba kama tulivyoimbishwa na shehe wetu tukiwa wadogo, herufi kwa mafungu yake, kila moja na kiti chake cha hesabu: abjad, hawaz, huti, kalaman, saafas, karashat. Anakunja kidole, nakunja kidole. Mistari mingapi tumeitupa sijui. Halafu ukaja huo mfupi. Tukahesabu, 1443. Akasema, "Tena." Tukahesabu, 1443. Mwaka aliofariki Rhimu, barabara. Akaweka kichwa mezani akalia, mtu mzima mwenye mvi, akamwaga sinia langu lote la mchele.

Sasa mtu aliyelia hivyo amekukosea nini katika mstari huo? Nijibu mimi, kama hutaki kumjibu yeye. Na usiniandikie maneno mawili kama simu ya polisi.

Shangazi yako,
Inshirah


Tetuan, 30 Januari 2022

Baba,

Barua hii nimeipitishia kwa Shangazi Inshirah ili akusomee hata kama hutaki. Shangazi, msomee polepole, na pale atakapokukatiza usimwachie.

Baba, sikukuhukumu. Yaani nilikuhukumu, lakini si kwa kosa ulilolifanya. Nilipoandika 1413 sikuwa nakukumbusha mwaka ulioondoka. Nilikuwa nakutajia jumla iliyotoka kwenye mashine. Niliuandika mstari wako, nikabonyeza, ikanitolea 1413, mwaka uleule, si mmoja juu wala chini. Nikaona umelitumia kaburi la mama kujijengea mnara. Nikaona unamzika mwaka uliomwacha, kama kwamba yote aliyoishi baadaye hayakuwapo. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipoandika barua ile, na wewe ukanijibu kana kwamba nimesema kitu cha haki.

Shangazi ameandika "saafas". Nilidhani kalamu imemponyoka. Kisha nikaimba mwenyewe, kwa sauti, maktabani, watu wakageuka kunitazama. Mimi nilifundishwa na babu: abjad, hawaz, huti, kalaman, saafadh. Saafadh, baba, si saafas. Kwenu herufi swadi imekaa mwisho wa kundi hilo, ikapewa tisini. Kwetu imekaa mwanzo, ikapewa sitini. Nikaenda kwenye vitabu. Ziko herufi sita zilizobadilishana viti kati ya nchi zenu na zetu: swadi, dhadi, sini, shini, dhaa na ghaini. Nyingine zote ziko pamoja. Na katika mstari wako wote, kati ya hizo sita imo moja tu, na iko mlangoni: swadi ya sabarat. Hapo ndipo zilipopotelea thelathini. Toa thelathini kwenye mwaka aliofariki mama, unapata mwaka ulioondoka.

Orodha ya thamani za herufi niliichapa kwa mkono wangu, kutoka kichwani, kwa wimbo wa babu. Sikumuuliza mtu. Nilijisifu kwako kwamba nimeifundisha mashine tarakimu za kwenu. Kila mtu anajua kuwa tarakimu zetu na zenu hazifanani, kwa hiyo hapo nilikuwa macho. Herufi zinafanana, kwa hiyo hapo nililala.

Lakini sitaisingizia mashine. Ingekuwa imenipa mwaka mwingine wowote, ningesema programu ina hitilafu, ningeikagua usiku kucha. Iliponipa huo, sikukagua kitu. Nilikuwa nausubiri.

Acha nikuambie kitu ambacho sikukusudia kukuambia kamwe. Majirani walimchosha mama kwa maneno. "Rhimu, ama omba talaka, ama vaa nyeupe za eda tujue mumeo amekufa, tusikuone hivihivi." Aliwaambia, "Nyeupe ni za mjane, talaka ni ya aliyechoka. Mimi sijawa yeyote kati ya hao." Nilikuwa namchukia akisema hivyo. Nilitaka achoke.

Nisamehe. Safari za ndege walizozifunga kwa korona zikifunguliwa, njoo. Hotelini huendi. Chumba cha patasi zako hakijaguswa, ila paka alizaliwa humo, na wajukuu zake wamedai urithi.

Mwanao,
Ghita


Iskandaria, 19 Rajabu 1443

Ghita, mwanangu,

Shangazi yako alisoma, nikamkatiza mara nyingi, hakuniachia. Alipofika kwenye swadi nilimwambia, "Simama." Akasema, "Sisimami, nimeagizwa nisisimame." Akamaliza. Kisha nikaomba chakula. Amenipa bata mwingine, na safari hii nimekula, ingawa aliungua.

Sasa nikuchekeshe kidogo, kama huko mtu anaweza kucheka. Mwenye kosa ni mimi. Nimeishi Tetuan, nimekula mkate wenu, nimeoa binti yenu, na babu yako, Mungu amrehemu, aliwahi kunigombeza juu ya saafadh mbele ya wageni, sahani ya samaki katikati. Mimi nasema tisini, yeye anasema sitini, mishipa imemtoka shingoni. "Nyinyi wa mashariki mmeharibu hata abjadi!" Mama yako akaja na chai akasema, "Mkimaliza kugombana niambieni nimefunga ndoa mwaka gani." Katika nyumba ile alikuwa ndiye pekee aliyejua kuhesabu kwa njia zote mbili, na hakumwambia mtu ni ipi aliyoiona sahihi. Hayo yote nilikuwa nayo. Nikayasahau, nikakuandikia mstari kana kwamba dunia nzima ilisoma kwa shehe wetu wa Iskandaria. Nadhani ukikaa mahali, hesabu ya mahali hapo inakuingia kama mahali pengine hapakuwahi kuwapo.

Kuhusu majirani na zile nguo nyeupe, nimelisoma tena na tena. Jibu lake si la barua. Nitalisema kaburini kwake.

Babu yako siku ile, hasira zilipopoa, aliniambia kwamba mtungaji wa kweli anaweza kutunga mstari usiogusa hata moja kati ya zile sita, ukatoa mwaka mmoja Tetuan na Iskandaria. Nilijaribu kwa miaka ili nimfunge mdomo. Sikuweza. Nikipata maana, nakosa mwaka, nikipata mwaka, maneno yanakuwa upuuzi. Wewe una mashine. Jaribu siku moja.

Safari za ndege zimefunguliwa, yapata wiki mbili sasa. Nimeshika nafasi ya Shaabani. Mwambie huyo paka ahame.

Baba yako,
Bayumi


Tetuan, 1 Julai 2022

Shangazi yangu Inshirah,

Yale niliyokuambia kwenye simu nilikuwa nalia, na wewe ulikuwa unalia, kwa hiyo nadhani hakuna aliyemsikia mwenzake. Nakuandikia sasa, taratibu, kama ulivyotaka, si kama simu ya polisi.

Alifika na begi dogo la nguo na sanduku kubwa la patasi, ingawa nilimwambia zake za zamani zipo. Mlangoni alisimama. Nikamwambia, "Ingia, baba." Akasema, "Subiri kwanza." Akatazama chini, pale kwenye jiwe la kizingiti, akalipapasa kwa kiatu, akasema limepasuka na mtu anapaswa kulitengeneza. Ndivyo alivyoingia. Kesho yake alilitengeneza.

Jiwe la mama lilimchukua karibu mwezi, kwa sababu ya kifua. Alikuwa akichonga uani, mimi namwagia maji vumbi lisiruke. Siku aliyomaliza kuchora herufi kwa penseli, kabla patasi haijagusa, alinigeukia akaniambia, "Ghita, lazima nibadilishe mstari. Jiwe litasimama Tetuan. Watu wa hapa watahesabu kwa saafadh, watapata 1413, watasema Lalla Rhimu alikufa kijana." Nilikuwa nimeshalifikiria hilo siku nyingi. Nikamwambia, "Uache."

Akauliza, "Kwa nini?"

Nikasema, "Baba, alianza kusubiri mwaka gani?"

Akaitazama ile swadi aliyoichora.

"Na akaacha kusubiri mwaka gani?"

Shangazi, aliweka patasi chini. Nilidhani nimemuumiza, nikataka kuyarudisha maneno. Akakaa pale kwenye mbao, mikono imejaa vumbi, akahesabu mstari kwa sauti, kwanza kwa saafadh ya babu, 1413, kisha kwa saafas yenu, 1443. Akasema, "Mimi sikuitunga hesabu hiyo." Nikamwambia najua. Akasema tena, "Wallahi, Ghita, sikuitunga hiyo." Kisha akaokota patasi, akaanza na swadi.

Nilitaka chini yake aweke mwaka kwa tarakimu, kwa ajili ya vijana wasiojua kuhesabu herufi. Tukabishana siku nzima. Yeye angeweka zenu, vitone na viduara. Mimi nikasema hapa watu wataona mayai na nzi. Akasema basi haweki zozote, tarakimu ni za wenye haraka, na anayeutaka mwaka wa Rhimu akae chini ahesabu. Hazikuwekwa. Unamjua mwenyewe.

Tulilisimamisha jiwe kabla ya Ramadhani. Kule juu aliniomba nimwache peke yake. Nilikaa mbali, kwenye ukuta, sikusikia alichosema. Kilichukua muda mrefu.

Alifunga siku alizoweza. Nilikuwa nampikia harira, supu yetu ya kufuturu, ananiambia haina chumvi, anaimaliza. Siku ya Idi alivaa kanzu ile uliyomshonea, akatoka kusalimia majirani, haohao wa nguo nyeupe, mlango kwa mlango, na kila mlango aliinamisha kichwa. Wengine walimjibu, wengine hawakumjibu. Mmoja, bibi mzee wa nyumba ya kona, alimwambia, "Umechelewa, Bayumi." Akamjibu, "Ndiyo, mama."

Wiki ya pili baada ya Idi kifua kikakataa kabisa. Daktari alikuja, akatoka, akanitazama tu. Baba aliniambia nisihangaike kumrudisha Iskandaria. Pale pembeni ya mama palikuwa na nafasi. Miaka yote ile watu walikuwa wakimwomba, "Rhimu, tumzike mgonjwa wetu hapo karibu na baba yako," naye alikuwa akikataa, anasema pana mwenyewe. Mimi sikuwahi kuuliza ni nani. Amelala hapo, Shangazi.

Sasa jambo ninalokuandikia hasa. Jiwe lake halijachongwa bado, na mstari sikumpa mtu mwingine autunge. Programu nimeitengeneza upya. Ukiiandikia maneno ya jiwe, kabla ya kuhesabu inakuuliza kwanza aliyeyatunga alifundishiwa wapi. Ingeweza kunitafutia maneno pia, ingenimwagia elfu. Nimeifunga. Nimehesabu kwa vidole, jikoni, siku arobaini za msiba, na kila nilipopata maana nilikosa mwaka, kama alivyosema. Juzi usingizi ulinipitia mezani, nilipoamka nikaandika hivi:

Al-ana udta ila baitika ya abati.

Sasa umerudi nyumbani kwako, ee baba.

Hamna swadi humo, Shangazi. Hamna dhadi, hamna sini, wala shini, wala dhaa, wala ghaini. Mimi nimeuhesabu kwa saafadh. Sitaki kukuambia nimepata ngapi. Hesabu wewe kwa saafas yenu, uniandikie, na usipoutaja mwaka huohuo sitachonga.

Mwanao,
Ghita binti Bayumi


Iskandaria, 26 Mfungo Tatu 1443, mwaka unakwisha

Ghita, mwanangu,

Nimehesabu. Nilichukua sinia la mchele kama kawaida, nikakaa mahali pangu. Nikaimba mwenyewe, nikakunja vidole mwenyewe. Nilipofika mwisho nikamngoja baba yako aseme, "Tena." Jikoni hapakuwa na mtu, nikasema mimi, nikahesabu tena.

1443, mwanangu. Mara zote.

Chonga.

Shangazi yako,
Inshirah